Kupima tikiti chotara kabla ya kujaza ekari

Usinunue mbegu za ekari nzima kwa kuangalia picha ya pakiti. Chukua aina tatu au nne za tikiti maji chotara, uzipande siku moja na ile unayolima sasa, hata kama ni Sugar Baby, aina ya zamani isiyo chotara.

Gawa eneo vipande vitatu, kila kipande kibebe aina zote. Kila aina ipate mstari wa miche 10: mita 2 kati ya mistari, sentimita 60 kati ya miche. Nafasi za mistari zipigiwe kura upya kwa kila kipande. Wengi huharibu hapa: aina moja inawekwa yote mwisho wa mpira wa matone, maji yanafika kwa kusuasua, kisha inaambiwa haizai. Na Dodoma hatua chache tu hukutoa kwenye kichanga hadi kwenye udongo mzito mweusi wa mbuga.

Tikiti hutambaa, kwa hiyo elekeza mashina yote upande mmoja, la sivyo utapima tunda la mstari wa jirani. Ukipulizia dawa, iwe jioni. Nyuki wakifa asubuhi, hata mbegu bora itatoa matunda machache yaliyopinda.

Chuma pale kikono (uzi unaojisokota) kilicho jirani na kikonyo cha tunda kinapokauka na doa la chini linapogeuka njano. Acha mche wa kwanza na wa mwisho, pima 8 ya kati tu. Matunda yaliyopasuka, yaliyooza kitako au yaliyotobolewa na nzi yapime kando. Miche hiyo 8 inakaa mita za mraba 9.6, ikitoa kilo 48 zinazouzika, ni kilo 5 kwa mita ya mraba, yaani kama tani 20 kwa ekari.

Kwa utamu, kata matunda matano ya kila aina, kamua tone la katikati ya nyama kwenye refraktomita, kifaa cha kupima sukari (ianze sifuri kwa maji safi). Briksi (kipimo cha sukari kwenye maji ya tunda) 10 kwenda juu ni tamu. Ukimwagilia sana siku chache kabla ya kuchuma, namba hushuka na maganda hupasuka. Hapo usiilaumu mbegu.

Matunda mengine matatu ya kila aina yaache kivulini siku 10, kisha yakate. Lililolegea ndani halitafika Dar es Salaam salama.

Ukifanya jaribio Juni, lirudie msimu wa joto, maana baridi ya usiku huchelewesha uotaji, na si aina zote huchelewa sawa.