Namna ya kujipima kabla ya kujiita wakili mbobezi wa mashauri ya ndoa

Kwetu Tanzania, wakili akishaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingia kwenye Daftari la Mawakili, anabeba shauri lolote: leo ardhi, kesho talaka, keshokutwa mirathi. Kwa hiyo ubobezi wa familia ni kipimo unachojiwekea mwenyewe. Utaratibu huu ndio ninaowapa mawakili vijana wa ofisini kwetu hapa Dar.

1. Weka hadhi yako sawa. Leseni hukoma 31 Desemba. Lipa ada ya TLS (Chama cha Mawakili Tanganyika), kusanya alama za mafunzo endelevu, huisha leseni, kisha ingia e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, utafute jina lako. Mteja wa siku hizi anakuangalia humo akiwa bado amekaa mapokezi. Ukikuta hali yako si hai, usitie saini hata barua ya madai.

2. Hesabu majalada, si miaka. Marekani kuna American Academy of Matrimonial Lawyers, chama cha mawakili wa mashauri ya ndoa, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1962. Moja ya masharti yake ni kwamba robo tatu ya kazi ya mwombaji iwe ya mambo ya ndoa. Hapa mjini wachache watafika huko, maana kodi ya ofisi hailipwi na talaka peke yake. Lakini swali lao ni zuri. Orodhesha majalada yako ya familia ya miaka mitano, uyatenge: yaliyoisha kwa maridhiano, mgawanyo wa mali uliobishaniwa, malezi ya watoto, rufaa. Kama yote ni ya watu waliokuja wameshakubaliana, bado. Ambaye hajawahi kubishania kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu mgawanyo wa mali, mpaka hukumu, akalitumia au akalikabili shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 lililofanya kazi za nyumbani zihesabike kuwa mchango, asubiri kwanza.

3. Kagua mgongano wa maslahi kabla hujasikia chochote. Hapa ndipo wazoefu wanaponaswa. Mume na mke wanakuja pamoja, wapole, wanataka wakili mmoja ili kupunguza gharama. "Wakili, sisi hatugombani." Watagombana siku nyumba ya Mbezi itakapothaminishwa, na wewe utakuwa umeshashika siri za wote wawili. Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018 haziuchekei mgongano wa namna hiyo.

Mapokezi wachukue majina ya wanandoa wote wawili, na ya kampuni zao kama zipo, wayapitishe kwenye rejista ya wateja. Kama uliwahi kumwandikia mume mkataba wa kununua kiwanja hicho hicho kinachogombewa, mke atafute wakili mwingine. Kama hakuna kikwazo, chagua mmoja kwa maandishi, na mwenzake apewe barua kwamba humwakilishi. Asiye na uwezo muelekeze kwenye msaada wa kisheria, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) wapo.

Na shangazi anayelipa ada si mteja. Hapewi nakala ya hati ya madai, apige simu mara ngapi.

4. Soma cheti cha Baraza kama unavyosoma mkataba. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa humo. Kifungu cha 106(2) kinataka cheti kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Hesabu tarehe kwanza. Kisha angalia kama Baraza limeandika kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, au limewaambia tu waende mahakamani. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo yote ya shauri kwa kasoro ya cheti. Usiende Kituo Jumuishi cha Temeke, kunakosikilizwa mashauri ya familia, na karatasi yenye mashaka ukitegemea wakili wa upande wa pili hataiona. Ataiona kwenye rufaa, mteja akiwa ameshamaliza pesa.

5. Punguza matusi kwenye nyaraka. Hukumu nyingi zinawekwa TanzLII, tovuti ya hukumu iliyo wazi kwa wote, na watoto wa wadaawa watakuja kujua kutumia Google. Andika kinachothibitisha kuvunjika kwa ndoa, acha kinachomfurahisha mteja jioni hiyo.

6. Ndipo uombe uanachama wa jumuiya ya wabobezi. Kujipigia debe Instagram kuwa namba moja wa talaka kunaweza kukufikisha Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu yetu. International Academy of Family Lawyers, jumuiya ya kimataifa ya mawakili wa familia iliyoanza 1986, huingiza watu wanaotambuliwa na mawakili wenzao, na inafaa kwa wenye mashauri yanayovuka mipaka, mathalani mzazi mmoja yuko Dar na mwingine Uingereza. Kabla hujagusa fomu, andika majina ya mawakili watatu waliokukabili mahakamani mwaka jana, hasa uliowashinda, uwapigie uwaulize kama wataandika barua ya kukushuhudia. Wakisitasita, huenda wanatilia shaka uadilifu wako: rudi hatua ya tatu.