SOMO: Kuchangisha hela ya mtoto anayeenda India kupasuliwa moyo

Habari zenu wapendwa. Michango ya watoto wenye matatizo ya moyo inapita kila siku kwenye magrupu na mingi inakwama njiani, na sio kwamba watu hawana huruma, watu wanatoa sana tu, ila mchango umeanza kabla karatasi hazijakaa sawa.

1. Anza na daktari. Mtoto apigwe eko (kipimo cha picha ya moyo) mpate ripoti yenye jina la ugonjwa, maana tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo linaweza kujiziba lenyewe, ila kubwa likiachwa damu nyingi inakimbilia kwenye mapafu, presha ya mapafu inapanda miaka na miaka, alafu ikifika mahali hata uje na mamilioni daktari hawezi tena kuliziba. Kwaiyo muulize, tuna muda gani? Jibu lake ndo litapanga mchango wote.

2. Hakikisha kweli lazima mtoke nje. Toka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili na watoto wanapasuliwa pale. Kuna pia Save a Child's Heart ya Israel, ilianza 1995, inatibu watoto kwenye hospitali ya Wolfson mjini Holon bila familia kulipia upasuaji, na watoto wa Zanzibar na bara washaenda. Ongeeni na daktari wenu wa moyo kuhusu njia hizo kabla hamjaomba shilingi ya mtu.

3. Chukueni profoma, yaani makadirio ya gharama toka hospitali, tena hospitali zaidi ya moja. Someni inahesabu siku ngapi za ICU na zikizidi nani analipa. Ongezeni tiketi, viza ya matibabu ya mtoto (msindikizaji ana ya kwake), chakula, na chumba cha kupanga, hichi ndo kinasahaulika jamani, mtoto akitoka wodini hapandi ndege kesho yake, anabaki karibu arudi kliniki mpaka daktari aridhike.

4. Kamati ya watu watatu, akaunti yenye sahihi zaidi ya moja. Mama mtoto msimpe kazi ya kupokea hela, ana mgonjwa. Malipo ya upasuaji yatoke benki yaende hospitali moja kwa moja.

5. Ujumbe uwe mfupi: ugonjwa, kiasi, mwisho lini, namba na jina litakalotokea. Picha ya mtoto akiwa kavaa vizuri inatosha, ya mipira puani acheni, huyo mtoto atakua na ataiona. Hesabu itolewe kila wiki hata kama imeingia elfu mbili.

MASWALI

Hela ikizidi tunafanyaje?
Semeni toka ujumbe wa kwanza ziada inaenda wapi. Mkumbuke akirudi bado kuna kliniki na eko za kurudia, na aliyewekewa vali ya chuma (mlango wa moyo wa bandia) anameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara.

Dada, mwanangu akilia midomo inakuwa ya bluu, mchango bado haujafika nusu, nisubiri?
Usisubiri mama, mpeleke hospitali leo hii uwaambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Hali hiyo ikimkuta nyumbani mkunje magoti yaguse kifua, mtulize, na mwende hapo hapo. Mchango tutaendelea nao sisi huku.

Kuna mtu kachukua picha ya mtoto wetu kaweka namba yake, tufanyeje?
Namba yake mtume kwenda 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), mripoti polisi, alafu leo leo msambaze tena ujumbe wenu wenye jina sahihi la akaunti kila grupu mlilopita, na mwenyekiti wa kamati apige simu kwa wachangiaji wakubwa mmoja mmoja kabla hawajatuma kwingine.