Kabla ya Kuzuru Makumbusho ya Pony Express, St. Joseph

Anayekusudia kuzuru Makumbusho ya Taifa ya Pony Express mjini St. Joseph, jimbo la Missouri nchini Marekani, ajifunze kwanza, walau kwa ufupi, habari ya Pony Express, huduma ya matarishi waliopeleka barua kwa farasi, kwa kuwa jengo analokwenda kuliona ni banda la farasi, na asiyejua safari iliyoanzia hapo jioni ya tarehe 3 Aprili 1860 huenda akatoka akidhani ameonyeshwa hatamu na matandiko tu.

Barua zilipelekwa hadi Sacramento, California, umbali wa kilomita 3,000 hivi, kwa muda wa siku 10, na siri ya kasi hiyo ilikuwa kupokezana. Tarishi alibadilisha farasi kila baada ya kilomita 16 hadi 24, kisha naye akampisha mwenzake. Kwa hiyo ukiingia, itafute mapema mochila, ngozi pana yenye mifuko minne iliyotandazwa juu ya tandiko bila kufungwa, ikashikiliwa na uzito wa mpandaji aliyeikalia. Kituoni iling'olewa na kutupwa juu ya farasi mwingine aliyekwisha kutandikwa, safari ikaendelea. Mwanzoni nusu aunsi ya barua ililipiwa dola 5, ndiyo maana watu waliandika kwenye karatasi nyembamba mno.

Ni vyema pia kwenda na tahadhari kuhusu masimulizi. Lile tangazo mashuhuri linalodaiwa kuwaita vijana, hasa yatima, wajiunge na kazi ya utarishi, wanahistoria hawajalipata katika magazeti ya wakati huo, ingawa linauzwa kwenye mabango hadi leo. Huduma yenyewe ilidumu miezi 18 tu. Laini ya telegrafu ilipokamilika Oktoba 1861, farasi hawakuwa na kazi tena.

Kuhusu safari, wageni wengi hushukia uwanja wa ndege wa Kansas City, ulio upande wa kusini, na gari la kukodi huondoa usumbufu mwingi. Saa za kufungua zithibitishwe kabla ya kuondoka, hasa majira ya baridi, ambapo koti zito halikwepeki. Tenga pia muda wa kufika Patee House, hoteli ya zamani iliyokuwa na ofisi za kampuni iliyoendesha huduma hiyo, ambayo kutoka bandani huendewa kwa miguu. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe afikirie Juni, kwani kila mwaka mwezi huo wapanda farasi wa kujitolea huipita tena njia ile ya kale, wakipokezana mochila yenye barua halisi.