Kubadilisha bandeji ya mshono bila kuingiza viini

Mgonjwa amepasuliwa tumbo siku tatu zilizopita, mshono umetulia, na daktari ameandika bandeji ibadilishwe. Ni kazi ya robo saa, lakini ukiifanya ovyo mgonjwa huyohuyo atarudi wodini akitoka usaha. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa uuguzi na wenzangu wapya hapa Nairobi, wanaofanya kazi hata siku ya mgao, mfereji unapotoa upepo mtupu.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Safi ni kilichooshwa. Tasa ni kama lisemavyo neno lenyewe, kisichozaa: hakina kiini hata kimoja kilicho hai, kwa mfano koleo lililokaa kwenye mtambo wa mvuke kwa nyuzijoto 121 muda uliowekwa. Mikono yako, uisugue utakavyo, haiwi tasa kamwe.

1. Chagua wakati. Usianze wodi ikifagiwa au shuka zikikung'utwa. Anza na wenye vidonda safi, wenye usaha uwaweke mwisho. Dawa ya maumivu ya kumeza mpe nusu saa kabla. Mweleze: "Mama, nataka kukuosha kidonda. Ukisikia kukohoa, geuza uso upande ule, na mikono uiweke kifuani." Bandeji ya kwanza ikiwa kavu na saa 48 hazijaisha, iache hapo ilipo isipokuwa kuna sababu.

2. Kusanya kila kitu. Pakiti ya vifaa tasa, selaini (maji ya chumvi) ya 0.9%, glavu za kawaida, glavu tasa, plasta iliyokwisha kukatwa, mfuko wa taka. Kagua pakiti: tarehe, matundu, unyevu. Iliyolowa si tasa hata kama tarehe bado. Na ile mistari myeusi kwenye utepe unaofunga pakiti inakuambia tu kwamba pakiti imepitia joto. Haikuhakikishii yaliyomo ndani.

3. Nawa. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana inaweza kusuguliwa kwa spiriti ya mikono sekunde 20 hadi 30, hadi ikauke yenyewe. Mgonjwa akiwa anaharisha, tumia sabuni na maji, maana kuna viini ambavyo spiriti haiviui. Maji yakikatika, dumu lenye koki linatosha kabisa. Beseni la kuchovya mikono kwa zamu, hapana. Mwaka 1847 huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wanawake wanaojifungua. Vifo vikapungua, na bado wapo wenzake waliochukia. Hata leo kumwambia mkubwa wako "daktari, hujanawa" kunataka moyo.

4. Toa bandeji ya zamani kwa glavu za kawaida. Tazama uvimbe, usaha, harufu. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Linganisha joto la ngozi kwa mgongo wa mkono, tazama kama inang'aa au imekaza. Vua glavu, nawa tena. Hapa ndipo wengi wanaruka, eti mikono ilikuwa ndani ya glavu.

5. Fungua pakiti. Kunjo la kwanza lifungue kuelekea mbali nawe, la mwisho kuelekea kwako, ili mkono usipite juu ya vifaa. Sentimita 2.5 za ukingo wa kitambaa kilichofungia vifaa zihesabu kuwa si tasa. Mimina selaini bila chupa kugusa kibakuli. Glavu ya kwanza ishike kwa ndani ya pindo. Ya pili ingiza vidole vyenye glavu chini ya pindo lake. Kuanzia hapo mikono ikae juu ya kiuno, mbele ya macho yako.

6. Safisha. Pitisha shashi kwenye mshono wenyewe kutoka juu kwenda chini, kisha pembeni mwake. Shashi moja, mpito mmoja, tupa. Spiriti usiitie kwenye kidonda, inaunguza nyama inayojijenga. Kausha ngozi, funika.

7. Ukigusa usipopaswa kugusa. Nikiwa mwanafunzi, ncha ya shashi yangu iligusa shuka. Nilitazama huku na huku, nikaona hakuna aliyeona, nikaendelea. Sista mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Hakunifokea; alivuta toroli akasema, "Anza upya." Nililalamika kwamba pakiti zilikuwa zimebaki mbili. Akajibu kuwa anajua, ndiye aliyezihesabu. Tangu siku hiyo nikikosea nasema kwa sauti: "Nimechafua." Ukilisema, hulazimiki tena kujibishana na nafsi yako kama kweli uligusa au hukugusa. Ukiwa na shaka, kifaa hicho si tasa. Na mwenzako akikuambia umegusa, usibishe.

8. Maliza. Shashi zenye damu ziende mfuko wa manjano. Vyenye ncha kali viingie kwenye kisanduku chake, kifungwe kikifika robo tatu. Sindano usiifunike tena. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji bila kukamua, ripoti papo hapo: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72.

Andika tarehe na saa kwenye plasta, na uliyoyaona kwenye faili. Anayeenda nyumbani mwambie asiloweshe bandeji, na kwenye matatu aweke mfuko wake mapajani, usikandamize tumbo. Usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ndani ya siku 30: arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.