Mgonjwa wa saratani akifunga choo, msikae kusubiri

Kama mgonjwa wako ameanzishiwa mofini, kodini au tramadoli, uliza dawa ya choo siku hiyohiyo, usingoje aanze kulalamika. Hizi dawa za maumivu zinafanya utumbo utembee polepole, maji yananyonywa, choo kinabaki kokoto tupu, na wakati kichefuchefu na usingizi mwili huwa unazoea baada ya siku kadhaa, hili la choo halizoeleki kabisa. Na jamani msimkatishie dawa ya maumivu eti apate choo, huko ni kumtesa mara mbili.

Wengi wanapewa sena au bisakodili, zinaamsha utumbo usukume, sena inachukua masaa 6 mpaka 12 kwa hiyo ameze usiku asubuhi aende. Laktulosi na makrogoli zenyewe zinavuta maji kwenye choo. Anywe kila siku kama alivyoandikiwa, sio mpaka akwame.

Sio mofini peke yake lakini. Ondansetroni ya kuzuia kutapika inafunga, vidonge vya madini ya chuma navyo, baadhi ya dawa za kemo (za kuua seli za saratani) kama vinkristini pia, so mpelekee daktari orodha nzima ya dawa zake.

Mtaambiwa ale mboga na matunda, sawa, ila kama maji hanywi na yuko kwenye mofini, zile poda za nyuzinyuzi zinaweza kumziba zaidi. Maji kwanza, kidogokidogo kutwa nzima.

Chooni: mpeleke kama nusu saa baada ya kula, asubuhi hasa, muwekee kigoda miguuni magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele, viwiko juu ya mapaja, asijikamue. Halafu mfungie mlango, nani anaweza kwenda haja watu wamemsimamia?

Enima (maji ya kusafisha utumbo yanayoingizwa nyuma) au dawa ya kuweka nyuma msimpe bila daktari kusema, kemo inashusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi na chembe sahani zinazogandisha damu, mchubuko mdogo tu unaleta maambukizi au damu.

Akikaa siku kadhaa bila choo halafu maji maji yakaanza kuvuja, msikimbilie dawa ya kuharisha, mara nyingi ni choo kimeziba na maji yanapita pembeni.

Siku 3 zikipita bila choo piga simu kliniki. Ila tumbo likivimba anatapika na hata kujamba hawezi, au miguu imelegea ama ina ganzi na mkojo hautoki, hapo hakuna kupiga simu, hospitali saa hiyohiyo.