Kupanga safari ya milimani ukiwa Ljubljana: anzia kwenye basi la kurudi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mdogo wangu, ambaye alikwisha kupanda Kilimanjaro na Meru, kupanga wiki moja ya kutembea milimani huku makao yake yakiwa Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Mji huu uko takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na siku isiyo na ukungu mtu akitazama kaskazini huiona waziwazi safu ya Kamnik na Savinja, ambayo kilele chake kirefu, Grintovec, kina mita 2,558. Kaskazini-magharibi kuna Alpi za Julian zenye Triglav, mlima wa mita 2,864 uliochorwa hata kwenye bendera ya taifa. Ni miji mikuu michache ya Ulaya inayokuwezesha kunywa chai ya asubuhi mjini, kupanda mlima wa kweli, na kurudi kitandani kwako usiku uleule bila kukodi gari.

Aliyezoea Kilimanjaro, ambako mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi, atashangaa kwamba huku hakuna lango la kuingilia, hakuna ada ya njia, wala hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Kazi ambayo kwetu hufanywa na kampuni ya utalii, ya kujua saa ya kuondoka, mahali pa maji na wakati wa kugeuza, hapa unaifanya mwenyewe, na unaifanya kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Septemba, kwa kuwa ndio wakati ambao nyumba za wapanda milima zilizo juu huwa wazi. Mimi huchagua Septemba bila kusita. Ngurumo za mchana huwa zimepungua, mabasi hayana msongamano, na theluji iliyong'ang'ania kwenye mabonde yenye kivuli mwanzoni mwa Julai huwa imekwisha.

Hatua ya 2: Viza na bima

Slovenia imo ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Tazama tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Slovenia ujue ni ubalozi upi unaopokea maombi ya watu wa nchi yako, maana si lazima uwe wa Slovenia wenyewe. Ukipanga kupita nchi nyingine, omba kupitia ile utakayokaa siku nyingi zaidi, na ratiba yako ionyeshe hivyo bila utata, pamoja na usiku utakaolala milimani.

Bima inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini kutimiza sharti la viza hakumaanishi kwamba umekingwa mlimani. Soma kipengele cha michezo na shughuli za hatari hadi mwisho, kwa sababu bima nyingi za bei nafuu huweka kikomo cha urefu wa mlima au hukataa gharama za uokoaji. Muulize wakala kwa maandishi kama kutembea kwenye njia zilizowekwa alama hadi mita 2,500 kumo, kisha hifadhi jibu lake.

Kuhusu ndege, uwanja wa Ljubljana uko Brnik, takriban kilomita 25 kutoka mjini, na unafikika kutoka Afrika Mashariki kwa kupitia Istanbul. Nauli ikiwa kubwa, tazama Zagreb. Kroatia iliingia Schengen mwaka 2023, kwa hiyo viza ileile inatosha, na mabasi ya kwenda Ljubljana ni mengi.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Lala karibu na stesheni ya treni. Mabasi ya mikoani nayo huondokea hapo jirani.

Hatua ya 4: Basi la kurudi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na hapa ndipo tulipotumia saa nyingi kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Watu huanza na picha nzuri ya kilele, wakatafuta njia ya kukipanda, kisha dakika ya mwisho wakauliza namna ya kufika. Fanya kinyume chake. Tafuta kwanza basi la mwisho la kurudi Ljubljana kutoka kila bonde, hesabu kurudi nyuma hadi asubuhi, na milima itakayobaki mezani ndiyo milima yako.

Ugumu wa kwanza ni ratiba yenyewe. Kando ya kila saa huwa kuna alama ndogo inayorejelea maelezo ya chini, na maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Jifunze maneno manne: delavnik ni siku ya kazi, sobota ni Jumamosi, nedelja ni Jumapili, na praznik ni sikukuu. Kisha kuna la tano, ambalo ndilo la hatari zaidi, nalo ni šolski pouk, yaani siku za masomo. Basi lenye alama hiyo huwabeba wanafunzi, na likizo yao ndefu huanza mwisho wa Juni na kuishia tarehe 31 Agosti. Maana yake ni kwamba basi linaloonekana wazi kwenye ukuta wa kituo halipiti kabisa katika miezi ileile ambayo wageni ni wengi. Vilevile tarehe 25 Juni na 15 Agosti ni sikukuu za taifa, na mabasi hufuata ratiba ya sikukuu hata kama ni katikati ya wiki. Usitafute ratiba kwa jumla. Ingiza tarehe kamili ya siku yako kwenye tovuti ya kituo cha mabasi, kisha linganisha na karatasi iliyobandikwa kituoni utakaposhuka. Zikipingana, muulize dereva wa basi la asubuhi kabla hujashuka.

Ugumu wa pili ni kujua utatembea kwa muda gani. Vibao vya njia Slovenia huandika saa badala ya kilomita, na saa hizo ni za mwenyeji mwenye mapafu yaliyozoea, asiyesimama kupiga picha. Kanuni ninayoitumia ni ile inayotumika sana katika Alpi. Hesabu saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, saa moja kwa kila mita 500 za kushuka, na saa moja kwa kila kilomita 4 za mwendo wa mlalo. Chukua jibu kubwa kati ya la wima na la mlalo, uliongezee nusu ya lile dogo.

Tuchukue mfano wa njia inayopanda mita 900 katika urefu wa kilomita 6. Wima ni saa 3, mlalo ni saa 1 na nusu, kwa hiyo kupanda ni saa 3 na dakika 45. Kushuka, wima ni saa 1 na dakika 48, ukiongeza nusu ya mlalo unapata saa 2 na dakika 33. Sasa chukulia kwamba basi la mwisho linaondoka 17:30, ambayo ni saa 11 na nusu jioni. Unataka kuwa kituoni saa 11 kamili. Basi uanze kushuka saa 8 na dakika 27 mchana. Ukipumzika saa nzima kileleni, uwe umefika saa 7 na dakika 27. Na ukitoa muda wa kupanda pamoja na nusu saa ya mapumziko njiani, mguu wa kwanza uinuke saa 3 na dakika 12 asubuhi. Basi la asubuhi linalofika bondeni saa 4 halikufai, hata kama tovuti inalitaja kuwa ndilo basi zuri la watalii.

Tena kuna mpaka mwingine unaotoka juu. Julai na Agosti, mawingu hujijenga tangu saa 5 asubuhi na ngurumo hupiga mchana, nami hukaa na kanuni kwamba saa 7 mchana niwe nimekwisha kuacha kilele na ukingo wowote ulio wazi. Mfano wetu hapo juu unavunja kanuni hiyo, kwa hiyo katika Julai ungehitaji basi la mapema zaidi au mlima mfupi zaidi. Njia inayopita vipimo vyote viwili, cha basi na cha radi, ndiyo ya kuandika kwenye daftari. Nyingine ziache hata kama zinavutia kiasi gani.

Andika saa zote kwa namna moja tu. Ratiba zinahesabu kwa saa 24 tangu usiku wa manane, nasi tunahesabu tangu alfajiri, na mtu aliyechoka mwenye karatasi iliyochanganya 14:30 na saa 8 na nusu anaweza kukosea kwa saa 6. Nashauri karatasi ya mlimani iwe na saa za ratiba peke yake, na pembeni, kwa wino mwekundu, saa ya kugeuza. Ikifika, mnageuza, hata kilele kikiwa mbele ya macho.

Najua wengi watasema kodi gari ujiondolee taabu hii. Sikubaliani nao. Gari hukulazimisha kurudi ulikoliacha, ilhali basi hukuruhusu kupandia bonde moja na kushukia jingine, na maegesho ya mabondeni majira ya joto hujaa mapema.

Hatua ya 5: Kusoma njia

Alama ni duara jekundu lenye kitovu cheupe, lililopakwa rangi kwenye magome ya miti na mawe. Imeenea nchini tangu miaka ya 1920 kupitia kazi ya Alojz Knafelc, na chama cha wapanda milima, kilichoanzishwa mwaka 1893, kinatunza kilomita zaidi ya 10,000 za njia kwa nguvu za watu wanaojitolea. Kwenye vibao, pembetatu karibu na jina la njia huonyesha njia ngumu, ambapo utahitaji mikono. Pembetatu yenye alama ya mshangao ni njia ngumu sana, yenye nyaya na vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba, nayo hutaka kofia ngumu na mkanda wa kujifunga. Kilele cha Triglav kimo katika kundi hilo. Nguvu zilizokufikisha Uhuru hazikufundishi kushika waya juu ya genge, kwa hiyo ukitaka Triglav, kodi kiongozi.

Nunua ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000 au 1:50,000. Programu za simu ni nzuri kwa kuhakikisha mahali ulipo, lakini skrini ndogo haikuonyeshi bonde la pili unaloweza kulikimbilia hali ya hewa ikibadilika.

Hatua ya 6: Mpangilio wa siku

Siku ya kwanza panda Šmarna gora, kilima cha mita 669 kilicho pembezoni mwa mji, ambacho wenyeji hukipanda kabla au baada ya kazi. Basi la mjini hufika Tacen chini yake, nalo halipokei pesa taslimu. Siku hiyo itakuambia kama buti zinabana na kama hesabu yako ya mwendo ni ya kweli. Ukichukua robo zaidi ya ulivyokadiria, ongeza robo kwenye kila siku inayofuata.

Baadaye nenda Kamnik, na kutoka huko hadi Velika planina, uwanda wa malisho wenye vibanda vya wachungaji ambavyo mapaa yao ya mbao hushuka karibu kugusa nyasi. Kuna gari la waya la kukupandisha, na mtu mwenye magoti mabaya alitumie kushukia, kwa kuwa kushuka ndiko kunakoumiza.

Kisha ondoka mjini kwa siku mbili au tatu uende Bohinj, bonde lenye ziwa katika Alpi za Julian, takriban saa 2 kwa basi. Wengi hushukia Bled kwa ajili ya kisiwa na kanisa, lakini kwa mtembeaji Bohinj ni bora mara nyingi, maana njia huanzia pale pale kijijini. Kutoka kijiji cha Stara Fužina panda kupitia Vogar hadi Planina pri Jezeru, malisho ya juu yenye nyumba ya wapanda milima, na ukilala huko unaweza kuendelea kesho yake hadi bonde la maziwa ya Triglav. Njia ya Komarča, inayopanda ukuta wa mwamba juu ya maporomoko ya Savica, inaonekana fupi kwenye ramani. Mgeni asiianzie hiyo.

Nafasi za kulala juu huwekwa mapema, hasa Jumamosi. Buti huachwa mlangoni, na mtu huja na shuka lake lililoshonwa mfano wa mfuko. Beba pesa taslimu. Kupiga hema porini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Triglav ni marufuku.

Hatua ya 7: Mkoba

Milima hii ni ya chokaa, na chokaa hupitisha maji chini kwa chini, kwa hiyo unaweza kutembea saa 4 bila kuona kijito. Beba lita 2 kwa uchache. Ongeza koti la mvua, nguo ya joto, taa ya kichwani na betri iliyojaa.

Vaa suruali ndefu msituni. Kupe wa Slovenia hueneza ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo, na hii ya pili ina chanjo, ambayo huhitaji dozi zaidi ya moja. Muulize daktari miezi kadhaa kabla ya safari. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kinenani na chini ya nywele. Ukipata kupe, mvute taratibu kwa kibano kilichomshika karibu kabisa na ngozi, bila mafuta wala moto.

Namba ya dharura ni 112. Pasipo mtandao, toa ishara 6 kwa dakika moja, kwa taa au filimbi, kaa kimya dakika moja, kisha rudia. Anayekusikia atajibu kwa ishara 3 kwa dakika, nawe uendelee kurudia hadi wakufikie.