Kitabu kikilowa, friza kwanza, jua hapana

Kwa wenzangu wa vitabu vya karatasi hapa Mwanza, mnaovuka kivuko cha Kamanga na kitabu kwapani halafu mvua ya masika inawakuta hapo hapo: kitabu kikilowa usikianike juani. Jua linakausha kingo za kurasa haraka wakati katikati bado maji matupu, ndo maana kinajikunja na jalada linabanduka. Kibane na taulo kikiwa kimefungwa, usilazimishe kufungua kurasa maana karatasi mbichi inachanika vibaya, kizungushie nailoni, tia friza. Ubaridi unasimamisha ukungu, ambao kwa joto letu unaweza kuanza ndani ya siku mbili tu. Kama friza ni ya sato na sangara funga nailoni mbili, ile harufu ikishaingia kwenye karatasi haitoki leo wala kesho. Ukipata nafasi kitoe kiyeyuke, kisimamishe wima kurasa zimeachana kidogo, feni ipulize kwa pembeni, chomeka tishu kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe zikilowa. Kikikaribia kukauka kilaze chini ya kitu kizito usiku kucha kinyooke. Tableti ikizama ziwani huiokoi kirahisi hivi, mi ndo maana nang'ang'ania karatasi. Njia hii ya friza haisaidii sana kwa karatasi za kung'aa za vitabu vya picha, zikikauka zimeshikana ndo basi, hizo weka tishu kila ukurasa zingali mbichi. Na umeme ukikatika muda mrefu usisubiri urudi, kitoe uanze kukausha.